Picha Barazani: Mazungumzo ya Filamu Unguja na Mwambao

Mji Mkongwe wa Zanzibar una baraza nyingi, na aghalabu kila moja huitwa kwa jina la mtaa wake au la mzee aliyekuwa na nyumba hapo. Lakini moja katika zilizo mashuhuri, pale vichochoro vinapokutana upande wa Sokomuhogo, imepewa jina la papa. Papa huyo hakuvuliwa Nungwi wala Mkokotoni. Alitoka Marekani, katika filamu ya Steven Spielberg iitwayo Jaws, iliyotolewa mwaka 1975, na watu wa hapo wamemchora ukutani akiwa amefunua meno. Jaws Corner hunywewa kahawa, huchezwa dhumna, husomwa magazeti, na hubishaniwa siasa na mpira mpaka usiku. Mgeni hucheka akisikia jina hilo. Mwenyeji halioni kuwa la ajabu, kwa sababu kwake filamu na baraza ni vitu vilivyozoeana tangu yeye hajazaliwa.

Historia ya majumba ya sinema ya pwani imeshaandikwa kwa kiasi chake. Laura Fair, mwanahistoria ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa utafiti wake juu ya nyimbo za Siti binti Saad, alichapisha mwaka 2018 kitabu kikubwa, Reel Pleasures, juu ya watazamaji na wenye majumba ya sinema katika miji ya Tanzania, na ndani yake sauti za Waunguja zinasikika wazi. Lakini liko jambo moja ambalo kwa wapenzi wa ushairi lina uzito wa pekee, nalo ni maneno yaliyosemwa baada ya taa kuwashwa. Picha ya saa tatu iliweza kukaa barazani wiki tatu. Ilihadithiwa, ikapimwa, ikasifiwa, ikalaaniwa, na mwisho ikawa kauli ya mtaani ambayo hata asiyeiona aliitumia. Aliyesema hayo hakujiita mhakiki. Hata hivyo ulikuwa uhakiki, tena uhakiki wenye mzizi mmoja na taarabu na kanga: watu walisema juu ya Bombay yale wasiyoweza kuyasema juu ya jirani.

Mazoea hayo yana umri mrefu. Ukumbi wa Royal ulifunguliwa Vuga mwaka 1921, wakati picha zote zilikuwa bado bubu. Picha bubu ina adabu yake: humwachia mtazamaji kazi ya kutia maneno, na Mswahili akiachiwa maneno hakosi la kusema. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo, na sahani za santuri zikarudi Unguja zikiimba Kiswahili. Kwa hiyo India ilipotoa picha yake ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, mwaka 1931, jina la Bombay halikuwa geni masikioni mwa watu wa hapa. Miaka miwili baadaye Misri ikamtoa Mohammed Abdel Wahab katika al-Warda al-Bayda, na kutoka 1936 Umm Kulthum naye akaonekana katika picha. Tangu hapo pwani ikawa na bandari mbili za mahaba. Wapenzi wa Ikhwani Safaa, klabu iliyoasisiwa 1905, walielekeza masikio Cairo, na okestra za taarabu za Unguja zikajipanga kwa fidla zake na ganuni zake kama zile zilizoonekana katika picha za Kimisri. Wengine wengi, hasa Mombasa na Lamu, moyo wao ulikuwa Bombay. Ubishi wa ipi bora haukupata hakimu.

Katika miaka ya 1950 mji wa Unguja ulikuwa na majumba matatu: Empire, Sultana, na Majestic lililojengwa Vuga mahali pa Royal baada ya Royal kuungua. Siku kubwa ilikuwa Jumapili. Familia zilitoka zimekoga, zimejifukiza udi, wanawake kwa mabuibui, watoto kwa nguo za sikukuu, na Waswahili, Wahindi, Waarabu na Wangazija wakakutana mlango mmoja. Walanguzi wa tikiti nao hawakulala. Filamu haikukaa siku nyingi kabla makopo yake hayajapelekwa mji mwingine, na kwa sababu hiyo kupendekezeana picha lilikuwa jambo la haraka. Aliyechelewa kuuliza alikuta picha imeshapanda meli. Bango lilisaidia, lakini bango husifu kila kitu. Kilichoaminiwa ni kauli ya mtu aliyejulikana kwa masikio yake na machozi yake. Kila mtaa ulikuwa na mtu kama huyo. Akisema nyimbo ni nzuri lakini hadithi haina kichwa, watu walikwenda kwa ajili ya nyimbo na hawakulaumu baadaye.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na picha zake, za afya, za kilimo na za tabia njema, zilizozungushwa kwa magari hadi vijijini, na sheria zake za kukagua picha za wengine. Huko Tanganyika, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950, zilitengenezwa hata filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu. Picha ya serikali, hata ilipochekesha, ilikuja na jawabu lake mkononi. Baraza halina kazi na jawabu lililokwishatolewa.

Waliokosa tikiti waliiona picha kwa masikio. Kuhadithia picha ilikuwa sanaa, na aliyeimudu alipata kahawa ya bure. Hakuanza na mwanzo. Alianza na kilio cha katikati, kisha akarudi nyuma. Alipofika kwenye wimbo aliuimba, maneno ya Kihindi yakitoka nusu sahihi na nusu ya kubuni. Alipofika mahali ambapo sinemani taa huwashwa kwa mapumziko, na yeye alinyamaza, akanywa maji, akawaacha watu na roho juu. Wengi hawakujua Kihindi, wala picha hazikuwa na tafsiri ya Kiswahili, lakini hawakuwa viziwi kabisa. Urdu ya Bombay imechota kisima kimoja na Kiswahili: duniya, kitab, khabar, waqt na maut hayahitaji mkalimani kwa mtu asemaye dunia, kitabu, habari, wakati na mauti. Mtazamaji alisikia neno moja katika kumi akalishika kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Mapengo aliyajaza mwenyewe, na hapo katika mapengo ndipo filamu ya Kihindi ilipogeuka hadithi ya Kiswahili.

Wanawake walikuwa na maonyesho yao ya alasiri, wakikaa wao kwa wao. Mwanamke aliyelelewa kunyamaza mbele ya wazee wake wa kiume aliweza huko kulia kwa sauti, kumtukana mkwe wa katika picha, na kumwambia stelingi asiende. Waliporudi, mazungumzo yaliendelea uani, wakichambua mchele au wakisukana nywele. Kwa bahati mbaya wengi walioandika juu ya baraza waliandika juu ya baraza la nje, la wanaume na kahawa, wakasahau kwamba uani ndiko hukumu kali zaidi zilikotolewa.

Katika picha zote za zama hizo, ile ambayo wazee wa Unguja waliendelea kuitaja kwa mapenzi makubwa kuliko nyingine ni Awaara. Ilitolewa India mwaka 1951, ikaongozwa na Raj Kapoor, aliyekuwa pia stelingi wake, kwa hadithi iliyotungwa na Khwaja Ahmad Abbas. Jina lake maana yake ni mzururaji. Hakimu Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mwema huwa mwema na mtoto wa jambazi huwa jambazi. Mkewe anatekwa na jambazi Jagga; anarudi akiwa mja mzito, ulimwengu unanong'ona, na hakimu anamfukuza. Mtoto, Raj, anakulia katika dhiki ya Bombay na Jagga anamlea katika wizi, makusudi, ili kumwonyesha hakimu kwamba damu yake nayo inaweza kuiba. Rita, ambaye Nargis alimwigiza, ni binti aliyelelewa na hakimu huyo huyo, akasoma sheria. Anampenda Raj, na mwisho anasimama mahakamani kumtetea, akimhoji mlezi wake. Wenye kujua waliongeza utamu kwa kuwaambia wengine kwamba aliyecheza hakimu, Prithviraj Kapoor, ni baba mzazi wa Raj Kapoor hasa.

Sasa hadithi hii iwekwe juu ya baraza la Unguja ya miaka ya 1950. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku na sheria mwaka 1897 tu, na wajukuu wa waliokuwa watumwa na wajukuu wa mabwana walikaa ukuta kwa ukuta. Katika ndoa wazee waliuliza kufu kabla ya kuuliza tabia. Mwaka 1957 ukafanyika uchaguzi wa kwanza, na zile zama ambazo Waunguja mpaka leo huziita za siasa zikagawanya mitaa, mazishi, maduka na hata harusi kwa swali la nani ni nani na asili yake wapi. Katika mji kama huo, kuuliza ikiwa mtoto wa mwizi ni mwizi hakukuwa kupoteza wakati. Kiswahili chenyewe kina mashahidi wa pande mbili. Mmoja anasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwingine anasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Awaara ilikwenda na huyu wa pili, na kijana aliyemtetea Raj barazani aliweza kumaliza hoja yake yote bila ya kumtaja mtu yeyote wa mtaani. Wazee walimjibu vivyo hivyo, kwa kumtaja hakimu. Kila mmoja alijua kinachosemwa, na hapana aliyevunjiwa heshima. Ndivyo lilivyo fumbo. Na anayedhani fumbo ni kwa washairi tu hajakaa sana barazani.

Na Rita je? Hapo mazungumzo yalikuwa makali zaidi, maana kijana wa kiume kupenda anakopenda ni jambo la kusamehewa, bali binti aliyesoma, mwenye kulelewa katika nyumba ya heshima, kumchagua mwizi na kumtetea mbele ya mlezi wake, hilo lilipindua mambo. Kwa masharti ya kufu, Raj hakuwa wa kumwoa. Kwa damu, alikuwa mtoto wa hakimu mwenyewe. Filamu iliwabana wenye kufu kwa dalili yao wenyewe, na hii ndiyo sababu iliwachoma. Fair amesimuliwa na wengi jinsi picha za Kihindi zilivyowapa vijana wa zama hizo lugha ya kusema mapenzi na ndoa mbele ya watu wazima. Mama aliyeshindwa kumwambia mumewe kwamba binti yao hamtaki mchumba aliyeletwa, aliweza kuhadithia picha wakati wa chakula, akakoleza pale panapohusu.

Picha hiyo hiyo ilifika Muungano wa Kisovieti mwaka 1954 ikapendwa sana, na China na Uturuki vilevile. Huenda kila nchi iliona ndani yake shida yake. Moscow waliona tabaka. Unguja waliona nasaba.

Uhakiki wa baraza ulikuwa na kanuni zake, na iliyo kuu ni kwamba stelingi hafi. Neno lenyewe ni zao la sinema, limetokana na lile andiko la Kiingereza linalotangulia majina ya waigizaji, nalo limekaa katika Kiswahili mpaka wasioona picha hata moja hulitumia kwa mtu asiyeshindika. Picha kubwa aghalabu ni zile zilizoichezea kanuni hiyo. Katika Mother India ya Mehboob Khan, ya 1957, Nargis ni mama Radha, mkulima aliyeachwa na mume na kunyonywa na mkopeshaji, ambaye mwisho anampiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju, kwa kuwa amemteka binti wa mkopeshaji siku ya harusi. Mama anaweza kumwua mwanawe kwa ajili ya heshima ya binti wa adui? Swali hili halikuwa na upande wa wazee na upande wa vijana. Liliingia katikati ya nyumba moja.

Miaka kumi na minane baadaye ikaja Sholay ya Ramesh Sippy, 1975, na humo Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, anakufa kwa ajili ya rafiki yake, akimwacha mjane wa nyumba ya Thakur, ambaye walikuwa wamependana kwa macho tu, kuendelea kukaa peke yake kwa nguo nyeupe. Mtazamaji wa India anajua uzito wa mjane katika mila za huko. Wa pwani, ambaye sheria ya dini yake humruhusu mjane kuolewa eda ikisha, aliyaona mateso yale kuwa ya bure. Hapa ndipo inapoonekana kwamba kupenda picha za wageni si kuiga mila za wageni. Watu walilia na mjane yule, kisha wakashukuru kwamba kwao si hivyo. Wengine, wenye ujane wao wa hiari au wa lazima, hawakushukuru haraka.

Washairi hawakubaki nje ya mazungumzo haya, ingawa wao waliingia kwa mlango wa muziki. Mombasa ndiko jambo hili lilikostawi. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mfalme wa taarabu iliyopanda juu ya lahani za Kihindi, na nyingi za lahani hizo zilitoka moja kwa moja katika filamu. Baadhi ya maneno aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa diwani ya Malenga wa Mvita iliyochapishwa 1971. Wapo waliolaumu, wakasema huu ni wizi wa kazi ya watu na uvivu wa kutunga sauti. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini anayeitoa hajajaribu kukaa na kalamu mbele ya lahani ya Bombay na kudai iingie ndani yake shairi lenye vina vya kati na vya mwisho. Lahani ya filamu imekatwa kwa maneno ya lugha nyingine. Ina pumzi ndefu mahali ambapo mizani ya Kiswahili inataka kituo, na hukata ghafla mahali ambapo kina hakijatimia. Mtunzi alilazimika kuvunja nane kwa nane, kuongeza kibwagizo, kurefusha irabu, kuhamisha kina. Mashairi ya Mvita yalipata bahari mpya kwa njia hiyo, na baadhi yake husomeka vibaya kitabuni kwa sababu yalitungwa kuimbwa kwa sauti fulani, na asiyeijua sauti hiyo huona mizani imepotea.

Tena lahani ilikuja na kumbukumbu. Msikilizaji aliyekuwa ameiona picha alijua kwamba sauti hii iliimbwa na aliyeachwa, usiku, mvua ikinyesha. Mtunzi wa Mombasa alipoweka juu yake maneno ya lawama kwa rafiki msaliti, msikilizaji alisikia mambo mawili kwa pamoja, la Kiswahili mbele na la Kihindi nyuma. Kuchagua lahani ipi kwa maneno yapi yalikuwa maoni juu ya filamu, pengine maoni ya ndani kuliko yote yaliyotolewa pwani, na hayakuhitaji neno hata moja juu ya filamu yenyewe.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliikuta Unguja na ada hii imekomaa. Wengi wa waliokuwa wakijaza viti vya Majestic waliuawa, walikimbia au walifilisika, na majumba yakaingia mikononi mwa serikali. Baraza lenyewe likawa mahali pa kuchunga ulimi. Mtu alimtazama aliyekaa pembeni kabla ya kunena. Hata hivyo filamu ziliendelea kuja na watu waliendelea kwenda, na haishangazi. Mwaka 1970 wasichana wa asili ya Kiajemi walikamatwa majumbani kwao wakaozwa kwa nguvu kwa amri ya wakubwa, mbele ya wazazi wasiokuwa na la kufanya. Katika mji kama huo, hadithi ya binti anayepelekwa kwa mume asiyemtaka, huku ngoma zikipigwa na mama akijifuta machozi, haikuwa ya Bombay peke yake. Kumlilia binti wa katika picha kulikuwa halali. Hapana askari aliyemkamata mtu kwa kumlilia.

Televisheni ya Zanzibar ilianza Januari 1973, miezi tisa baada ya Karume kuuawa, nayo ilikuwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini ya Sahara. Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Fahari ilikuwa kubwa, na kwa muda baraza lilinufaika, kwa sababu wenye masanduku hayo walikuwa wachache na jirani alikwenda kwa jirani. Lakini aliyeangalia mbali angeona nyufa. Mtazamaji wa sinema alinunua tikiti kwa kuwa kuna mtu alimwambia picha ni nzuri. Wa televisheni huona kilichowekwa. Pendekezo likapungua thamani, ubishi ukabaki.

Kisha zikaja kanda za video, na biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 zikaletwa kutoka Dubai kwa masanduku. Majumba ya sinema yakaanza kufa, moja baada ya jingine, kwa kukosa watu. Mwenye duka la kukodisha kanda akarithi kazi ya yule mtu wa mtaani aliyeaminiwa kwa machozi yake. Alijua mteja gani anataka ngumi na nani anataka kulia, na kanda mbaya ilimrudia na matusi. Lamu, ambako mtafiti Minou Fuglesang aliishi na vijana wa kike na kuandika kitabu chake Veils and Videos cha 1994, picha za Kihindi ziliingia ndani ya majumba, na wasichana wakazitazama pamoja, wakizisimamisha na kuzirudisha nyuma. Uani ulikuwa umepata sinema yake. Lililopotea ni ule usiku mmoja ambao mji mzima uliona picha moja, na asubuhi yake kila baraza lina kesi ile ile.

Msimuliaji naye hakufa, alihama. Dar es Salaam aliibuka Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, akawa anasimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili, na kanda zake zikauzwa na kuonyeshwa katika vibanda. Alieleza, alitania, aliongeza lake, alimwonya stelingi. Wengine wamemwona kama mtu aliyezuka na teknolojia. Waliokulia pwani waliisikia sauti hiyo zamani, pasipo spika, penye buli la kahawa.

Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya China iliyotiwa sauti za Kiswahili, juu ya bibi harusi Doudou na wakwe zake. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake mjini Dar es Salaam, Machi 2013, kama alama ya urafiki wa mataifa mawili. Alama hiyo na iwepo. Lakini wanawake wa Kariakoo na wa Ng'ambo hawakukaa mbele ya sanduku kwa ajili ya urafiki wa mataifa. Mke wa mwana na mama mkwe katika nyumba moja ni kesi isiyofungwa, na huyu Doudou aliwawezesha kuijadili mbele ya mama mkwe mwenyewe, naye akiwa hapo hapo mkekani, akitoa maoni yake juu ya mabibi harusi wa Kichina. Baada yake zimefuata tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili, za masultani na za matajiri wa Istanbul, na nyua zimegawanyika upya.

Jengo la Majestic lingali Vuga. Limechakaa, na juhudi za kulitengeneza zimekuwepo kwa miaka. Wanaolitafiti huuliza juu ya viti, mashine na mwaka wa kila ukuta. Wale waliokaa katika viti hivyo hukumbuka kwa namna nyingine. Kijana hupiga katika simu yake wimbo wa zamani wa Mombasa, bila ya kujua kwamba lahani yake ilivuka bahari, na bibi aliyelala chumba cha pili huanza kuufuatisha kwa maneno ya Kihindi, nusu sahihi na nusu ya kubuni. Akiulizwa, hutaja kwanza jina la picha, kisha Jumapili aliyoiona, kisha nguo aliyovaa. Aliyekwenda naye humtaja mwisho, au hamtaji.